Ndugu yuko kwenye ECMO (mashine ya moyo na mapafu), atarudi? Mwongozo kamili wa kukadiria nafasi ya kupona, hatua kwa hatua

Swali hili huwa linakuja usiku. Simu inaita kutoka Tanga au Mombasa, napokea, "Shikamoo mama," na mama wa watu hata kuitikia vizuri hawezi, anaingia moja kwa moja, "Mwanangu, wameniambia kijana wangu kawekewa mashine ya moyo na mapafu huko, hebu niambie ukweli, atarudi?" Mimi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nafanya kazi Uingereza, na kwa vile Waswahili huku tunajuana basi namba yangu imeshazunguka sana. Nimeamua niandike yote niliyokuwa naeleza kwenye simu, kwa ajili ya familia na pia kwa manesi na madaktari vijana wanaoanza ICU, maana hesabu yenyewe siyo siri, unaweza kuipiga na penseli mezani kwako. Kazi ipo kwenye kuisoma. Namba inayotoka inaongelea kundi la watu kabla hawajaunganishwa kwenye mashine, ila ndugu yako ni mtu mmoja na tayari yuko kwenye mashine, kwa hiyo kila siku inayopita inaongeza habari ambayo ile namba haikuwa nayo. Shika hilo tunapoendelea.

HATUA YA 1: Jua ni mashine gani hasa

Ile mashine ya moyo na mapafu ya theatre, kama wanayotumia JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) pale Muhimbili wakati wa kupasua moyo, inafanya kazi masaa machache, upasuaji ukiisha inatolewa. Ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu Mei 1953 kule Philadelphia, daktari John Gibbon. ECMO imetokana na hiyo hiyo, ila inakaa kitandani kwa siku na hata wiki. Damu inavutwa kwa mpira mnene, inapita kwenye pampu, inaingia kwenye pafu la bandia ambalo linaipa oksijeni na kuitoa kaboni dayoksaidi, alafu inarudishwa mwilini. Mtu mzima wa kwanza kuokolewa nayo ilikuwa 1971 huko California, kijana wa miaka 24 aliyeumia kwenye ajali, akakaa nayo masaa 75. Mwaka 1975 Robert Bartlett akaitumia kwa mtoto mchanga ambaye manesi walimpa jina Esperanza, yaani Tumaini.

Sasa uliza: ni VV au VA? VV damu inatoka kwenye mshipa wa vena na inarudi kwenye vena, inasaidia mapafu tu, moyo unajipigia wenyewe. VA damu inarudishwa kwenye ateri, inabeba kazi ya moyo na mapafu pamoja. Kuna na ya tatu, pale ambapo moyo umesimama kabisa, watu wanakandamiza kifua na wakati huo huo wanaingiza mipira, hiyo inaitwa ECPR. Usiendelee kabla hujapata jibu hili, kwa sababu hesabu ya VV haitumiki kwa VA na ukichanganya utapata namba ya uongo kabisa.

Kwa ujumla tu, ukiangalia watu wazima kwenye rejista ya dunia ya ELSO (shirika lililoanza 1989, makao yake Michigan), waliowekewa kwa ajili ya mapafu wanaotoka hospitali hai ni karibu 6 kati ya 10, wa moyo ni kama 4 na kitu kati ya 10, wa ECPR ni karibu 3 kati ya 10. Hapo ndo pa kuanzia kabla hujagusa alama yoyote, yaani zile pointi za kujumlisha na kutoa tutakazopiga chini.

HATUA YA 2: Kusanya taarifa, za KABLA ya mashine

Hapa wengi wanakosea. Wanachukua vipimo vya leo asubuhi, wakati mgonjwa ana siku ya nne kwenye ECMO na oksijeni yake imependeza kwa sababu mashine ndo inamtengenezea. Alama zote nitakazotaja zinataka hali ilivyokuwa kabla ya kuunganishwa, masaa kama 6 ya mwisho. Chukua daftari, andika umri, uzito, ugonjwa uliosababisha yote haya, alikaa kwenye ventileta (mashine ya kupumulia) muda gani kabla ya ECMO, moyo uliwahi kusimama au la, kaboni dayoksaidi kwenye damu ya ateri, presha ya juu kabisa ya ventileta inapoingiza pumzi, baikabonati, presha ya damu juu na chini, figo, ini, ubongo.

Halafu angalia vipimo vimeandikwa kwa kizio gani. Huku Uingereza gesi za damu zinaandikwa kwa kPa, ila alama zinataka mmHg. Ile 75 mmHg utakayoiona chini hapo ni sawa na 10 kPa. Mtu akikusomea "kaboni ni 11" kwenye simu ukaiandika kama 11 mmHg, umeharibu hesabu yote.

Familia mnaweza kuomba taarifa hizi, siyo ukorofi. Mwambie daktari, samahani daktari, tungependa kujua alama yake ya RESP (ya mapafu) au SAVE (ya moyo) ilikuwa ngapi na ilihesabiwaje. Mara nyingi watakaa chini na nyie.

HATUA YA 3: Mapafu, piga RESP

RESP ilitoka 2014, timu ya Matthieu Schmidt wakichukua wagonjwa 2,355 kutoka rejista ya ELSO wa miaka 2000 hadi 2012, na kati yao 57% walitoka hospitali hai. Ina vitu 12. Unajumlisha na kutoa:

Umri 18 hadi 49 ni 0, 50 hadi 59 ni −2, 60 na kuendelea −3.
Kinga ya mwili iliyoshuka, −2.
Ventileta kabla ya ECMO: chini ya masaa 48 ni +3, masaa 48 hadi siku 7 ni +1, zaidi ya siku 7 ni 0.
Ugonjwa: nimonia ya virusi +3, nimonia ya bakteria +3, pumu +11, ajali au kuungua +3, kupaliwa na matapishi +5, ugonjwa mwingine wa ghafla wa mapafu +1, ugonjwa sugu wa mapafu au usio wa mapafu 0.
Ubongo kuwa na shida (kiharusi, degedege, kuumia kichwa, kuchanganyikiwa kwa ugonjwa), −7.
Maambukizi ya ghafla nje ya mapafu, −3.
Alipewa dawa ya kulegeza misuli, +1.
Alivutishwa gesi ya naitriki oksaidi, −1.
Alipewa dripu ya baikabonati, −2.
Moyo ulisimama, −2.
Kaboni dayoksaidi 75 mmHg au zaidi, −1.
Presha ya ventileta 42 au zaidi kwa sentimita za maji, −1.

Jumla ikiwa 6 na kuendelea ni daraja la I, kwenye data yao 92% walitoka hai. 3 hadi 5 daraja la II, 76%. −1 hadi 2 daraja la III, 57%. −5 hadi −2 daraja la IV, 33%. −6 kushuka chini daraja la V, 18%.

Angalia pumu inavopewa 11 peke yake. Sababu ni kwamba kwenye pumu kali tatizo kubwa ni hewa kunasa na kaboni kujaa, njia za hewa zikishafunguka mapafu yenyewe ni mazima, mashine inanunua muda tu. Na angalia siku za ventileta. Mapafu yaliyosukumwa kwa presha kubwa wiki nzima yanakuwa yameshaumizwa na ile presha yenyewe, ndo maana hospitali ikichelewa kupiga simu kituo cha ECMO, ule muda unaoliwa ni nafasi ya mgonjwa inaliwa, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Kuna mambo mawili nataka wasomaji wa kwetu wayajue. Kwenye RESP mwenye VVU anahesabiwa kinga imeshuka, −2, awe anameza dawa vizuri na virusi havionekani au awe hajawahi kuanza dawa, wote kapu moja pamoja na saratani, ini lililoharibika na waliopandikizwa kiungo. Mimi mgonjwa wa hivyo namhesabia mara mbili, na −2 na bila −2, naandika zote mbili pembeni na CD4 yake, na nakuomba ufanye hivo hivo. La pili, maambukizi nje ya mapafu yanajumuisha na vimelea, kwa hiyo mtu aliyerudi likizo nyumbani akaja na malaria kali, mapafu yakajaa maji, hiyo malaria ni −3, usiisahau.

HATUA YA 4: Tufanye mfano mmoja pamoja

Chukulia kijana wa miaka 34, nimonia ya virusi, siku 3 kwenye ventileta, kalegezwa misuli, kaboni 82, presha ya ventileta 38, mengine yote hamna. Umri 0, ventileta +1, nimonia +3, dawa ya misuli +1, kaboni −1, presha 38 haijafika 42 kwa hiyo 0. Jumla 4. Daraja la II, 76%.

Sasa badilisha kitu kimoja, moyo wake ulisimama kwa dakika mbili kabla ya mashine. 4 toa 2 ni 2, kashuka daraja la III, 57%. Mgonjwa ni yule yule, kitanda kile kile. Mchukue mwingine miaka 61, nimonia hiyo hiyo, siku 9 kwenye ventileta, ana na maambukizi nje ya mapafu, kalegezwa misuli na kaboni iko juu kama yule wa kwanza: −3, 0, +3, −3, +1, −1, jumla −3, daraja la IV, 33%.

Umeona hapo, hatua ya alama moja inaweza kukuvusha daraja na asilimia ikaruka karibu 20. Mwenye 3 na mwenye 2 hawatofautiani hivyo kitandani. Ukiwa mpakani sema "kati ya 57 na 76" na uishie hapo, usijifanye una uhakika wa namba moja.

HATUA YA 5: Moyo, piga SAVE

SAVE ilitoka 2015, wagonjwa 3,846 wenye mshtuko wa moyo kushindwa kusukuma damu, 42% walitoka hai. Inaanza na −6 kwa kila mtu, wengi wanaisahau hiyo. Ugonjwa: mayokaditisi yaani misuli ya moyo kuvimba +3, mapigo ya hatari yasiyosikia dawa +2, baada ya kupandikizwa moyo au mapafu +3, moyo wenye kasoro ya kuzaliwa −3, mengineyo 0. Moyo kushindwa baada ya kujifungua, ambao kwetu tunauona sana, hauna mstari wake, unaingia kwenye mengineyo.

Umri 18 hadi 38 ni +7, 39 hadi 52 ni +4, 53 hadi 62 ni +3, 63 na zaidi 0. Uzito hadi kilo 65 ni +1, juu ya hapo hadi 89 ni +2, 90 na zaidi 0. Ini kufeli ghafla −3, ubongo −3, figo −3, na figo sugu ni −6. Masaa ya kuwa na mpira wa kupumulia kabla: hadi 10 ni 0, 11 hadi 29 ni −2, 30 na zaidi −4. Presha ya ventileta 20 au chini +3. Presha ya chini ya damu 40 au zaidi +3. Tofauti ya presha ya juu na ya chini ikiwa 20 au pungufu −2. Baikabonati 15 au chini −3. Moyo kusimama −2.

Madaraja: zaidi ya 5 ni 75%, 1 hadi 5 ni 58%, −4 hadi 0 ni 42%, −9 hadi −5 ni 30%, −10 kushuka ni 18%. Dada wa miaka 30, kilo 60, mayokaditisi, masaa 5 kwenye mpira, presha ya ventileta 18, presha ya damu 62 kwa 45, figo zimegoma, baikabonati 14: 7+1+3+0+3+3−2−3−3−6, inatoka 3, daraja la pili, 58%.

HATUA YA 6: Isome namba kwa heshima

Hapa ndo pana uzito kuliko kote. 57% maana yake katika watu 100 waliokuwa daraja moja naye, 57 walitoka hospitali wakiwa hai. Haisemi walitembea lini, haisemi walirudi kazini, na haisemi ndugu yako yuko kwenye wale 57 au wale 43.

Uwezo wa RESP kutofautisha watu ulipimwa ukawa 0.74. Chukua wagonjwa wawili, mmoja aliishi mmoja alifariki, alama itampa aliyeishi nafasi nzuri zaidi mara 74 kati ya 100. Kurusha shilingi ingepata 50. SAVE ni 0.68. Ni msaada wa kweli lakini kwa mgonjwa mmoja inakosea mara nyingi tu, kwa hiyo yeyote anayekwambia "alama ni −6, tuache" kwa alama peke yake hatumii kifaa hiki kama kilivyotengenezwa.

Pia alama zote mbili zilijengwa kwa watu ambao tayari waliwekewa ECMO, waliokataliwa hawamo. Haziwezi kukwambia bila mashine ingekuwaje. Swali hilo linajibiwa na majaribio. Jaribio la CESAR la Uingereza, 2009, wagonjwa 180, waliopelekwa kituo cha Glenfield kule Leicester 63% walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi 6, waliobaki kwenye matibabu ya kawaida 47%. EOLIA ya 2018, wagonjwa 249, vifo vya siku 60 vilikuwa 35% kwa ECMO na 46% kwa wengine, tofauti ambayo kitakwimu haikufikia mstari, ila 28% ya wale wengine ilibidi waokolewe kwa ECMO hiyo hiyo. Kwa moyo hali ni ngumu zaidi, ECLS-SHOCK ya 2023 kwa wenye shambulio la moyo ilikuta vifo vya siku 30 ni 47.8% kwa waliopangiwa mashine na 49.0% kwa wa matibabu ya kawaida, karibu hamna tofauti. Uliza pia kituo kinafanya wagonjwa wangapi kwa mwaka, kwa sababu rejista ilionyesha vituo vinavyozidi watu wazima 30 kwa mwaka vilikuwa na vifo vichache kuliko vyenye chini ya 6.

HATUA YA 7: Funga kikokotoo, fuata siku

Masaa 24 ya kwanza mimi naangalia lakteti. Hiyo ni asidi inayojaa viungo vikikosa damu ya kutosha, na mashine ikishaanza kusukuma inatakiwa ishuke. Ikishuka upesi nafurahi, ikigoma kushuka wakati pampu inatembea vizuri naogopa, iwe alama ilisema 76 au 33.

Baada ya hapo figo, anakojoa au kawekwa kwenye dialisisi. Damu, kwa sababu anapewa heparini isigande kwenye mipira, na heparini hiyo hiyo inaweza kumtoa damu tumboni au kichwani. Kwa VV angalia eksirei na kiasi cha hewa ambacho mapafu yake yenyewe yanapokea, mapafu yaliyokuwa meupe pe yakianza kufunguka hata kidogo hiyo ni habari kubwa. Kwa VA angalia ule mstari wa presha kwenye skrini, ukiwa umelala flati moyo haufungui mlango wake, ukianza kupanda na kushuka moyo unaamka. Na kwa VA ya kwenye kinena damu ya kupima gesi ichukuliwe mkono wa kulia, maana moyo ukiamka kabla ya mapafu, kichwa na mkono huo vinaweza kupata damu yenye oksijeni kidogo huku miguu iko vizuri, na ukipima mguuni hutajua.

Ubongo nautenga peke yake. Mboni za macho kila saa, dawa za usingizi zipunguzwe pale inapowezekana aonekane anafuata amri, na ikitiliwa shaka CT scan. Angeweza kuwa na alama nzuri kuliko wote wodini, kichwa kikivuja damu nyingi hesabu imebadilika siku hiyo hiyo. Mama zangu huwa wananiuliza, "Nikimwongelesha sikioni anasikia?" Mwongeleshe, mama. Mwambie jina lako, mwambie uko hapo.

Jihadharini na kitu kimoja, na hili nawaambia manesi wenzangu zaidi. Timu ikiona alama ndogo ikakata tamaa mapema, mgonjwa anafariki, alafu tunasema alama ilikuwa sahihi. Hakuna atakayejua. Kama uamuzi ni wa kusitisha, utokane na kitandani, viungo vingapi vimeanguka, ubongo ukoje, kuna njia ya kutoka au hamna, yaani moyo au mapafu kupona au kupandikizwa. Njia ya kutoka isipokuwepo familia iambiwe waziwazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mtafsiri wa hospitali, asifanywe mtoto wa miaka 15 kumtafsiria mama yake taarifa ya kifo.

HATUA YA 8: Maswali ya kila asubuhi

Andikeni kwenye daftari lile lile, mtu mmoja wa familia ndo aulize na awarushie wengine kwenye grupu, siyo watu tisa kupiga simu wodini. Lakteti ngapi na jana ilikuwa ngapi? Pampu inasukuma lita ngapi, na imepunguzwa? Kaamka, kafuata amri? Kavuja damu popote? Pafu la bandia limeshika madonge ya damu, litabadilishwa? Na la mwisho, mmeshajaribu kumwachisha?

Kwa VA wanapunguza mzunguko wa pampu kidogo kidogo huku wakiangalia moyo kwa eko (ultrasound ya moyo). Kwa VV ni rahisi hata kwako kuelewa: pampu inaendelea kuzungusha damu lakini wanafunga ile gesi inayopita kwenye pafu la bandia, kwa hiyo ule mpira wa kurudisha unabadilika rangi, unakuwa mweusi sawa na wa kutoa. Usiogope ukiuona hivo. Mapafu yake ndo yanafanya kazi sasa. Gesi za damu zikibaki sawa kwa masaa kadhaa namna hiyo, muulize daktari mipira inatolewa saa ngapi, alafu mpigie mama Tanga.